Jirani amefunga dungu la kuwindia ndani ya msitu wangu. Nimfukuze?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mtu wa Tanga ninayeishi Pennsylvania. Tulikaa Philadelphia hadi watoto wakaanza shule, kisha mimi na mke wangu tukanunua nyumba kaskazini mwa jimbo, si mbali na mpaka wa New York. Ni ekari 22. Mbele kuna nyumba, banda na malisho ya mbuzi wetu. Nyuma ni msitu mtupu unaoteremka hadi kwenye kijito. Tulifuata utulivu na tumeupata, isipokuwa msimu wa kulungu.

Mwaka jana, Jumamosi ile inayofuata sikukuu ya Thanksgiving ya mwishoni mwa Novemba, niliwasha msumeno wa mnyororo asubuhi na mapema ili nikate kuni. Haukupita muda, bunduki ikalia msituni mara mbili. Mbuzi wakavunja uzio na kutawanyika. Nikiwa nawakusanya, akatokea mtu kutoka ndani ya msitu wangu, kavaa rangi ya machungwa kichwani na kifuani, bunduki begani. Ni jirani yetu, mzee wa miaka sabini hivi. Nilikuwa nimejiandaa kumkaripia, kumbe yeye ndiye aliyefura. Eti msumeno wangu umemkimbiza dume kubwa na risasi mbili zimekwenda bure. Eti anawinda msitu ule tangu ujana wake kwa ruhusa ya mwenye nyumba wa zamani. Eti kila mtu kwenye barabara hii anajua kuwa siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda kwa bunduki mashine haziwashwi.

Baadaye niliingia msituni kuangalia. Nikakuta dungu la chuma limefungwa kwenye mti mkubwa wa cheri, lina ngazi na kiti, hatua kama thelathini ndani ya mpaka wangu kwa mujibu wa ramani ya mpimaji. Kando ya kijito kuna rundo la matumbo ya mnyama. Na kwenye mti mwingine kuna kamera inayotazama kijia ambacho watoto wangu hupita wakienda kucheza. Kamera hiyo ilimtisha mke wangu kuliko bunduki.

Wiki hiyo hiyo mzee akagonga mlango na mguu wa kulungu uliofungwa vizuri kwenye karatasi nyeupe, kama vile hakuna lililotokea. Mke wangu aliupokea kwa mikono miwili. Mpaka leo uko kwenye friza, maana hatujui kama ni halali kwetu kuula.

Shemeji yangu wa Harrisburg anasema ning'oe dungu, nipake miti rangi ya zambarau, nimwite askari wa wanyamapori, mambo yaishe. Mke wangu hataki. Anasema sisi ndio Waafrika pekee barabara hii, tusije tukajulikana kuwa wale waliokuja wakafunga msitu. Tena ni mzee huyo huyo aliyetusafishia theluji njiani majira yetu ya kwanza ya baridi bila hata kuombwa. Na juu ya yote, mpwa wangu anayesoma chuo huku anataka mzee amfundishe kuwinda!

Mjomba, kwetu mtu akiingia porini na bunduki bila kibali ni jangili. Je, nina haki ya kumkataza? Kama ninayo, nifanyeje bila kuanzisha vita? Na akimjeruhi kulungu upande wake, mnyama akakimbilia kwangu, inakuwaje?

Mwenye Mbuzi, Pennsylvania

*

Marahaba, mpwa wangu.

Haki ni yako. Ruhusa ya mdomo aliyopewa mzee ilikuwa kati yake na mtu aliyeitoa, na mtu yule alipouza ardhi, ruhusa ikaisha. Hakikisha jambo moja tu. Upande huo wa Pennsylvania ni kawaida ardhi kuuzwa huku haki za gesi na mafuta zikibaki kwa mtu mwingine, na mara chache haki ya kuwinda nayo huandikwa vivyo hivyo. Nenda ofisi ya hati za ardhi ya kaunti, usome hati yako na ile iliyoitangulia. Kama hakuna kilichoandikwa, mzee hana kitu mkononi ila mazoea.

Lakini lile neno jangili liweke pembeni. Umetoka nchi ambayo huwezi kumgusa hata swala bila leseni, na jirani zetu wa Kenya walipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo ukiona bunduki porini akili inakwenda huko. Pennsylvania nako mnyama si mali ya mwenye ardhi. Kulungu ni wa jimbo, anasimamiwa na kamisheni ya wanyamapori iliyoanzishwa mwaka 1895, na mzee akiwa na leseni yake, ndani ya msimu, ana haki ya kumpiga kulungu huyo sawa na wewe. Ulicho nacho wewe ni mlango. Kosa la mzee, kama lipo, ni kupita mlangoni bila kukuuliza.

Kuna na sheria nyingine ambayo shemeji hakukutajia, nayo ndiyo yenye uzito kwako. Jimbo linakataza kuwinda kwa bunduki ndani ya yadi 150, yaani kama mita 137, kutoka nyumba wanamokaa watu, bila ruhusa ya wanaokaa humo. Banda linaloendana na nyumba hiyo nalo linahesabiwa. Kwa upinde ni yadi 50. Sasa chukua kalamu. Duara la yadi 150 kuzunguka nyumba moja ni karibu ekari 15. Wewe una 22. Ukiongeza duara la banda la mbuzi, msitu unaoweza kuwindwa kwa bunduki pasipo idhini yenu unabaki ukanda wa kule chini kijitoni. Pima kwa kamba ujue dungu lile liko ndani au nje ya duara, kabla hujafungua mdomo. Ukijua hilo, mazungumzo yenu yatakuwa mafupi.

Sasa nimtetee mzee kidogo.

Ile siku ya kwanza ya bunduki ni kitu kikubwa sana huko. Kwa zaidi ya nusu karne ilikuwa Jumatatu baada ya Thanksgiving, na shule nyingi za vijijini zilifungwa siku hiyo, kwa kuwa wanafunzi, walimu na madereva wa mabasi wote walikuwa msituni. Mwaka 2019 ikahamishiwa Jumamosi, na wapo wazee ambao hadi leo hawajaisamehe kamisheni. Watu hulala kwenye vibanda vyao vya uwindaji usiku wa kuamkia, huingia dunguni gizani, na sheria inawaruhusu kupiga kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Saa mbili tatu za asubuhi hiyo ndizo wanazozisubiri mwaka mzima. Mtu akiwasha mashine saa moja na nusu, kila aliye juu ya mti ndani ya maili moja anauma meno. Haikuwa haki yake kukugombeza ndani ya ardhi yako, na kukata kuni zako kwa shughuli zako si kosa. Sheria ya kumsumbua mwindaji inamlenga anayefanya hivyo kwa makusudi. Lakini desturi hiyo ipo kweli, na kuifuata kunakugharimu asubuhi moja tu. Kuni kate kabla ya msimu, au subiri hadi saa tano mchana, wengi wakiwa wameshuka kunywa kahawa.

Ushauri wa shemeji una sehemu moja nzuri na mbili mbaya. Kung'oa dungu ni mbaya. Limesimama kwako lakini ni mali yake, na ukilivunja, mwenye malalamiko anakuwa yeye. Kumwita askari kabla hujazungumza na jirani ni mbaya pia. Kijijini watu husahau faini, ila hawasahau ni nani aliyepiga simu.

Rangi ya zambarau ina maana. Tangu Januari 2020 sheria ya Pennsylvania inaitambua kama kibao cha kukataza kuingia, nayo ni bora kuliko karatasi zinazochanika kwa upepo. Alama iwe mstari wa wima usiopungua inchi 8 kwa urefu na inchi 1 kwa upana, ncha yake ya chini iwe futi 3 hadi 5 kutoka ardhini, na kutoka alama hadi alama pasizidi futi 100. Ipake ukishamalizana na mzee. Akiamka siku moja akakuta msitu wa ujana wake umepakwa rangi bila neno, utakuwa umemjibu bila kumsikiliza. Ukimwambia mapema kwamba unapaka kwa sababu ya watu baki wanaopita wakitafuta pa kuwinda, huenda akaja na brashi yake. Wazee hawa huchukia wavamizi wa mjini kuliko unavyowachukia wewe.

Kwa hiyo nenda ukazungumze naye, na usisubiri Novemba. Mwezi wa nane ni mzuri, kwa sababu ndipo wawindaji huanza kukagua madungu na kamera zao. Nenda mchana, kwa gari, hadi mlangoni kwake. Nenda na mkeo, na mbebe chochote, mandazi yanafaa. Usiende jioni, na kamwe usiende kumkabili msituni akiwa na bunduki. Nakuambia hili bila kuzunguka kwa sababu ya hofu aliyo nayo mkeo, ambayo si ya bure. Novemba 2004, huko Wisconsin, mwindaji mhamiaji wa jamii ya Wahmong, watu wa asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, alikutwa ameketi kwenye dungu ndani ya ardhi ya watu. Wenye ardhi wakaja, maneno yakarushwa, yeye akasema baadaye kwamba alitukanwa kwa asili yake, walionusurika upande wa pili wakakana. Yaliyosemwa yanabishaniwa hadi leo. Kisichobishaniwa ni kwamba aliwapiga risasi, watu sita wakafa, naye akafungwa maisha. Mgogoro ulianza na kiti juu ya mti.

Ukiketi naye usianze na dungu. Anza na theluji. Mwambie hamjasahau alivyowasafishia njia. Kisha umwulize msitu ule aliuwinda vipi, dume kubwa zaidi alimpata wapi, mpaka wa zamani ulihesabiwa kuanzia mti gani. Inawezekana kabisa kwamba yeye na mwenye nyumba wa kale waliweka mpaka wao kwa macho, na mzee anaamini dungu liko upande wake. Ramani ya mpimaji itoe mwisho, iweke mezani, usiipunge. Zile za kwenye simu usizitegemee, zinaweza kukosea kwa mita kadhaa, na ugomvi wenu wote ni wa hatua thelathini.

Baada ya hapo ni uamuzi wenu. Mimi ningemruhusu, kwa maandishi. Karatasi moja, nakala mbili, yenye jina lake peke yake. Hili la jina ni la muhimu, maana ruhusa ya mzee huzaa ruhusa ya mwanawe, ya mkwewe na ya rafiki wa mkwewe kutoka Pittsburgh. Iwe ya msimu mmoja, muiandike upya kila mwaka. Dungu alihamishie mahali mtakapokubaliana, nje ya duara la nyumba na banda, na kiti kielekee mbali na malisho, risasi iliyokosa iishie kwenye mlima na si kwa mbuzi. Asipigilie misumari wala skurubu. Mti wa cheri wa huko kaskazini ni mbao ya thamani, na wenye viwanda vya mbao hukataa gogo lenye chuma ndani. Kamera ya kijiani iondoke siku hiyo hiyo, hapo usijadiliane. Akitaka kamera, iwe pale kwenye dungu, ikitazama msitu.

Matumbo kuachwa msituni si uchafu kwao. Mnyama hupasuliwa pale alipoanguka ili nyama ipoe haraka, na kunguru, mbweha na tai humaliza lile rundo kwa siku chache. Ila si kando ya kijito, na si mahali watoto wanapopita. Mwambie hivyo tu, ataelewa, na pengine ataona haya.

Pesa usipokee. Pennsylvania ina sheria ya mwaka 1966 inayomlinda mwenye ardhi anayewaruhusu watu kuingia bure kwa burudani kama uwindaji. Mtu akianguka kutoka dunguni, kinga ile inakufaa. Ukianza kutoza ada, umeipoteza, na hapo utahitaji bima ya kukodisha. Jumapili nazo zitaje. Sheria ya kukataza uwindaji siku hiyo ilidumu tangu 1873, ikaanza kulegezwa mwaka 2019, na mwaka 2025 ikafutwa. Kama Jumapili ni siku yenu ya kutembea msituni na watoto, iandike kwamba siku hiyo haji, na hakuna wa kukulaumu.

Umeuliza kuhusu kulungu aliyejeruhiwa. Kuna majimbo ambako mwindaji anaweza kumfuata mnyama wake hadi kwa jirani. Pennsylvania si mojawapo. Anatakiwa kufanya juhudi ya kumpata mnyama aliyempiga, lakini kuvuka mpaka bila idhini hawezi. Kwa hiyo atakuja kugonga. Mwambie mapema: gonga saa yoyote, nitakuruhusu, ila bunduki iachwe au iwe tupu, na mimi nifuatane nawe. Hili ningelikubali hata kama ningekuwa nimekataa mengine yote. Kumwacha mnyama afe polepole kwenye kichaka chako kwa sababu ya mstari wa ramani ni ukatili, na nyama nayo inaoza. Usishangae akikwambia tusubiri nusu saa kwanza. Kulungu aliyepigwa akifukuzwa hukimbia mbali. Akiachwa hulala karibu.

Mkiona ni bora kukataa kabisa, kataeni bila maelezo marefu. “Tuna watoto na mbuzi, tumeamua msitu upumzike,” inatosha. Mzee hatapoteza kila kitu. Msitu usiowindwa unakuwa maficho. Kulungu watalala kwako mchana na kutoka kwenda kula jioni, na yeye atawasubiri upande wake. Ila adabu ya wawindaji haipendi dungu lililobanwa kwenye mstari wa mpaka likitazama kwa jirani. Ukiliona hivyo, una haki ya kumwomba alisogeze ndani. Na kama umezungumza, umeandika, umepaka rangi, na bado anaingia, basi piga picha zenye tarehe na umwite askari wa wanyamapori. Hakuna atakayesema hukumpa nafasi.

Upande wenu, nunueni vizibao vya rangi ya machungwa kwa kila mtu wa nyumba. Mwindaji wa bunduki analazimishwa kuvaa inchi za mraba 250 za rangi hiyo, kichwani, kifuani na mgongoni. Ninyi hamlazimishwi ndani ya ardhi yenu, lakini vaeni kila mnapotoka nyuma ya banda msimu ukiwa wazi. Mbuzi wavalisheni kola za rangi hiyo, hasa wale wa kahawia. Sitanii.

Mpwa wako wa chuo asianze na bunduki ya mzee. Atahitaji kwanza cheti cha mafunzo ya uwindaji, ndipo apate leseni ya kawaida. Na kama yuko kwa viza ya mwanafunzi, amwone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kushika silaha yoyote, kwa kuwa sheria za shirikisho kuhusu bunduki na wageni ni kali, na kosa dogo linaweza kumrudisha Tanga. Kuketi na mzee dunguni bila bunduki, akijifunza kutazama nyayo na upepo, hilo hata sasa anaweza.

Umebaki mguu kwenye friza. Halali na haramu mpelekee sheikh wako, si mimi. Atataka kujua mpigaji ni wa dini gani, alitaja jina la nani, na mnyama alikufa kwa risasi yenyewe au kwa kitu kingine. Mengine anayajua mzee peke yake, kwa hiyo itabidi umwulize, na hakuna ubaya, mtu wa dini yake ataelewa mtu wa dini yako. Sheikh akikataa, mwambie mzee wazi kwa nini hamwezi kula, na umwombe mwakani kulungu wa ziada ampeleke kwenye bucha zinazoshirikiana na Hunters Sharing the Harvest, mpango ulioanza 1991 unaopeleka nyama kwenye benki za chakula. Sheikh akiruhusu, usiupike kama mbuzi. Hauna mafuta kabisa. Uloweke usiku kucha kwa ndimu, tangawizi na mtindi, kisha moto mdogo na nazi nzito, na mzee apelekewe bakuli lake kabla halijapoa.

Mjomba